Kipimo cha VVU ni hasi, kichwa kinauma wiki ya tatu: je, yaweza kuwa fangasi?

Fangasi wa ubongo si ugonjwa wa wenye VVU tu?
Hapana. Ni kweli kwamba huku Afrika wengi wanaougua wana VVU. Lakini yuko fangasi aitwaye Cryptococcus gattii, ambaye huwapata hata watu wenye kinga nzima. Alipozuka kisiwa cha Vancouver, Kanada, kuanzia mwaka 1999, waliougua ni pamoja na watu waliokuwa na afya njema kabisa. Kwa hiyo jibu la VVU likiwa hasi, uchunguzi usiishie hapo.

Anaingiaje mwilini?
Huishi kwenye miti, mikaratusi ikiwemo, na kwenye udongo wa chini yake. Mtu huvuta vumbi lenye vijimbegu vyake, vikakaa mapafuni, kisha vikasafiri na damu hadi kwenye utando wa ubongo. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake; kumtengea vyombo ni kumwonea.

Fangasi wengine wamewahi kupitia kwenye sindano. Mwaka 2012 nchini Marekani, dawa ya steroidi iliyoingia fangasi kiwandani iliwaugulisha watu zaidi ya 750, na zaidi ya 60 wakafariki. Wengi walikuwa wamechomwa karibu na uti wa mgongo ili kutuliza maumivu.

Dalili zake?
Huja polepole, na hapo ndipo anapotuponyoka. Kichwa kinauma wiki baada ya wiki, panadoli haisaidii, mtu anatibiwa malaria, taifodi, tena malaria. Baadaye hutapika, huona ukungu au vitu viwiliviwili, shingo hukaza, huanza kuchanganyikiwa. Homa inaweza isiwepo.

Nasikia kipimo chake ni kutoa maji ya mgongo, na kwamba ukitolewa unapooza au unakufa.
Hofu hii inatuulia watu. Sindano huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo ugwe wa neva ulio ndani ya mgongo umeshaishia. Wanaofariki baada ya kipimo mara nyingi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno, lawama ikaangukia sindano. Pale penye dalili za uvimbe kichwani, daktari huanza na picha ya CT.

Tone la maji hayo huchanganywa na wino mweusi. Kwenye hadubini fangasi huonekana kama duara lililozungukwa na mwanga. Wino unaweza kumkosa, kwa hiyo omba pia kipimo cha CrAg, kinachotafuta alama za fangasi huyo. Kutoa maji ni tiba vilevile: presha ya kichwani ikipanda sana hupunguzwa hivyo, hata kila siku.

Anatibika?
Ndiyo, akiwahiwa. Huanza na dawa za amfoterisini B ya mshipani pamoja na flusitosini, huku figo na damu vikipimwa mara kwa mara. Kisha hufuata vidonge vya flukonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi. Usiache kwa sababu kichwa kimepoa. Na maumivu yakirudi, au macho yakianza kufifia, rudi hospitali siku hiyohiyo.