Si kila penzi la angani ni bunilizi ya kisayansi ya mahaba

Ikitajwa tu hadithi ya wanawake wawili wanaopendana kwenye makazi ya Mirihi, watu hukimbilia kuiita bunilizi ya kisayansi ya mahaba. Jina hilo lina masharti. Penzi liwe ndilo linalobeba kisa, sayansi iwe ndiyo inayolipatia penzi hilo vikwazo na njia zake, na mwisho, kwa desturi ya hadithi za mahaba, uache matumaini.

Sharti la sayansi ndilo linalopuuzwa, na linaniudhi kwa sababu ndilo lenye utamu wote. Chukua fundi wa mitambo ya oksijeni na mpenzi wake mtaalamu wa mimea, anayetakiwa kurudi Duniani. Nafasi nzuri ya kusafiri kati ya sayari hizi mbili hujitokeza takriban kila miezi 26. Akiomba wiki moja zaidi ya kufikiri, huenda ameomba miaka miwili. Akiondoka, ujumbe wa redio utachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea umbali wa sayari wakati huo. Hawawezi hata kugombana wakajibizana: jibu la hasira linamfikia mtu ambaye ameshatuma msamaha. Na kabla ya hapo, kila walipotoka nje ya makazi walishikana mikono kwa glovu nene zilizojaa hewa, vidole havikunjiki sawasawa.

Sasa wahamishie wawili hao kwenye mji wowote Duniani. Wakikosana na kupatana vilevile, sayansi ilikuwa pambo tu. Vivyo hivyo, vita vya kugombea kituo cha angani vyenye busu moja kabla ya shambulio la mwisho si mahaba. Liondoe busu, vita vinaendelea.

Wengine hudhani kwamba wahusika wakiwa wanawake, lazima kisa kiwe cha kujificha na kukataliwa. Mwandishi anaweza kukichagua hicho. Anaweza pia kubuni jamii isiyouliza nani anampenda nani, kisha akaiacha Mirihi yenyewe iwatenganishe. Uanawake wao unatuambia nani wanapendana, haututajii utanzu.

Kwa hiyo, ukikuta roketi ni mandhari tu, sema ni hadithi ya mahaba iliyowekwa angani. Hujaishusha hadhi hata kidogo.