Jina la ugonjwa linasema nini, na nini halisemi

Mpe Mswahili neno "hawatakupikia" atalifumua bila kufikiri: nani, lini, kwa ajili ya nani. Majina ya kidaktari yamejengwa kwa mtindo huohuo, kiambishi mbele, mzizi katikati, kiambishi nyuma, ila vipande vyake vingi vilitoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale. "Gastr" ni tumbo, "hepat" ni ini, "nephr" ni figo, "arthr" ni kiungo, "derm" ni ngozi. Ukivizoea vichache, cheti cha hospitali kinaanza kusomeka. Tatizo ni wale waliojifunza nusu. Vipande hivi hukueleza ugonjwa uko wapi na umebadilisha nini. Chanzo na ukali wake ni habari nyingine, na hapo ndipo dhana potofu zinapoingia.

"Jina refu, ugonjwa mkubwa"

Kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani kuna kitu kinaitwa "acute nasopharyngitis". Pua, koo, na hiyo "itis" tutaifikia. Ni mafua. Haya haya ya kawaida. Kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaanza karibu hakimwachi mtu, kimeandikwa "rabies" tu.

Na hilo neno "acute" limewanyima wengi usingizi kwa sababu tumezoea kulifasiri "kali". Daktari hapo hapimi ukali. Anasema ugonjwa umeanza karibuni, haujakaa. Mwenzake, "chronic", ni ugonjwa wa muda mrefu, nasi tumeupachika jina "sugu", wakati mtaani sugu ni kile kisichosikia dawa. Kisukari ni "chronic", na kwa wagonjwa wengi kinasikia dawa vizuri tu.

"Itis ni wadudu, nipewe antibayotiki"

Hii ndiyo inayomaliza pesa za watu kwenye maduka ya dawa. Kwa Kigiriki "-itis" ilifanya kazi ndogo sana, kama "ya" katika "homa ya ini": "arthritis" ilikuwa "ya viungo", basi. Baadaye madaktari wakaifunga kwenye maana moja: mahali pamevimba, pamekuwa pekundu, pana joto, panauma. Dalili hizo nne Mrumi Celsus alikwisha kuziandika katika karne ya kwanza. Nani kaleta uvimbe huo, neno halisemi. Tonsillitis huletwa na virusi au bakteria. Dermatitis inaweza kuletwa na sabuni mpya. Hepatitis huletwa na virusi, na pombe nayo huileta. Kwenye rheumatoid arthritis, kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoshambulia viungo, na hapo antibayotiki haina wa kumuua.

Gastritis ndiyo kisa cha kila nyumba. Mtu analiona neno hilo kwenye cheti, anatangaza ana vidonda vya tumbo, na tangu siku hiyo maharage yanapigwa marufuku mezani. Lakini gastritis inasema utando wa ndani wa tumbo umevimba, haikutaja kidonda. Kidonda kina jina lake, "ulcer", na njia ya kukiona ni kuingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni, kile kipimo cha endoskopi. Halafu kuna swali la chanzo. Anaweza kuwa bakteria Helicobacter pylori, na huyo antibayotiki zinamhusu. Au ni diklofenaki ambazo mgonjwa amekuwa akizimeza kwa ajili ya mgongo, na hapo jambo la kwanza ni kuzungumza na daktari namna ya kuachana nazo. Jina lilelile kwenye cheti, matibabu mbalimbali. Anayekwenda kununua dawa kwa kusoma jina tu anabahatisha.

"Oma ni kansa"

"-oma" mara nyingi ni uvimbe, wa aina yoyote. Lipoma ni donge la mafuta chini ya ngozi, kwa kawaida halina madhara. Hematoma ni damu iliyovilia. Glaucoma, ile tunayoiita presha ya macho, si uvimbe kabisa, na trakoma vivyo hivyo. Lymphoma na melanoma kweli ni saratani, lakini leukemia, saratani ya damu, haina "oma" hata ya kuombea.

"Jina halidanganyi"

Linadanganya, tena kwa karne nzima. "Malaria" ni Kiitalia, hewa mbaya, kutoka enzi ambazo watu waliamini homa inapanda kutoka kwenye vinamasi. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross akaviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, India. Hewa ikasamehewa, jina likabaki. "Anemia" ukiifumua inakupa "bila damu", jambo ambalo hakuna aliye hai analo. "Upungufu wa damu" wetu ni mkweli zaidi.

Wala Kigiriki hakitakufaa kwenye chikungunya. Hilo ni la Kimakonde, linahusu kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyowapinda wagonjwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika. O'nyong'nyong, ndugu yake wa karibu, alipewa jina na Waacholi wa Uganda mwaka 1959.

"Hayo ni ya madaktari, mgonjwa hayamhusu"

Isome fomu ya ridhaa ya upasuaji ndipo useme hivyo. "-otomy" ni kupasua. "-ostomy" ni kufungua tundu, kama colostomy, ambapo choo kinatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. "-ectomy" ni kukata na kuondoa. Maneno hayo kwa sikio la haraka ni kama mapacha, na tofauti zake mtu huishi nazo.

Chukua mwanamke mwenye faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi. Jina moja la faibroidi ni myoma, "my" yaani msuli, pamoja na ile "oma" yetu, na hapa si kansa. Fomu ikiandikwa "myomectomy", zinaondolewa faibroidi, kizazi kinabaki. Ikiandikwa "hysterectomy", kinachoondoka ni kizazi chenyewe, na mimba haitakuwepo tena. Wakati mwingine hakuna hata neno, kuna herufi tu: "TAH + BSO". Nusu ya kwanza ni kuondoa kizazi chote kupitia tumboni. Nusu ya pili ni "bilateral salpingo-oophorectomy": pande zote mbili, mirija, ovari, vyote vinakatwa. Kwa mwanamke ambaye bado anaona hedhi, hizo herufi tatu za mwisho maana yake ni kwamba ukomo wa hedhi, pamoja na joto lake la usiku na mifupa kudhoofika, unaanza mara baada ya upasuaji. Yapo mazingira ambayo daktari ana sababu nzuri ya kuziondoa ovari. Sababu hiyo iulizwe kabla ya kusaini.