Risasi Kali Isiyoumiza Mkono: Kujijazia .44 Magnum

Huku Marekani, ambako raia huruhusiwa kujijazia risasi nyumbani (yaani kutia baruti na kichwa katika ganda wenyewe), wanunuzi wengi wa rivolva ya .44 Magnum hukimbilia kiwango cha juu kabisa cha nguvu, kisha baada ya boksi moja huifungia kabatini kwa sababu kiganja kinauma na macho yamezoea kujifumba kabla ya kifyatulio kuvutwa. Risasi hiyo ilitolewa mwaka 1955, baada ya Elmer Keith, mwandishi wa masuala ya bunduki wa Idaho, kuijaza .44 Special, risasi fupi iliyotangulia, kupita kiasi kwa miaka mingi, na naamini wengi wetu tungehudumiwa vizuri zaidi na kiwango cha katikati.

Hesabu inaniunga mkono. Kichwa cha gramu 15.5 kikitoka kwa mita 425 kwa sekunde, rivolva ya kilo 1.35 hurudi nyuma (teke lake) kwa takriban jouli 21. Kichwa hichohicho kikishushwa hadi mita 300, nguvu yake hubaki nusu, ilhali teke hushuka hadi kama jouli 9. Teke hupungua zaidi ya nguvu kwa sababu baruti nayo ina uzito: gesi yake hutoka mtutuni kwa kasi kuliko kichwa chenyewe na huusukuma mkono nyuma, na kipimo cha katikati huhitaji baruti kidogo sana. Kichwa kizito cha madini ya risasi yaliyo magumu, chenye ncha bapa, kwa kasi hiyo ya mita 300, bado humpenya kulungu ubavu hadi ubavu kwa umbali mfupi.

Hata hivyo, kiwango cha katikati hakipatikani kwa kupunguza tu baruti ya polepole. Hodgdon, kampuni ya baruti, kwa mfano, huonya kwamba kipimo cha H110, baruti yake ya polepole, kisipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo anayetaka upole hana budi kuchagua baruti inayoungua haraka zaidi na kufuata jedwali la mtengenezaji wake, akianzia kipimo cha chini. Baruti hizo zina hatari yake: hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, hivyo mtu anaweza kumimina mara mbili bila kuona lolote likifurika, na kipimo maradufu hupasua silinda. Mimi humulika kila ganda kwa tochi kabla ya kupachika kichwa, na sizungumzi na mtu wakati huo.

Mdomo wa ganda nao ubanwe vizuri, kwani teke huvuta vichwa vya risasi ambazo hazijapigwa hadi vikachomoza na kuzuia silinda isizunguke. Kabla ya kujaza nyingi, napakia sita, napiga tano, kisha napima urefu wa ya sita kwa kalipa, kipimio cha urefu mdogo. Ikiwa imerefuka, naongeza mbano na kurudia.

Wapo wanaotumia maganda mafupi ya .44 Special kwa risasi za upole. Yanafaa, ila huacha masizi mbele ya chemba (tundu la silinda linaloshika ganda), na yasiposafishwa ganda refu la Magnum huingia kwa shida.