Data na fedha za utafiti: dhana zinazowagharimu wahadhiri wetu

Wahadhiri wengi wa vyuo vikuu hujifunza takwimu mara moja tu, wakati wa kuandika tasnifu, na hujifunza kuomba ruzuku kwa kunyimwa. Vitu hivi viwili hufundishwa kila kimoja na watu wake: data kwa mtakwimu, fedha kwa ofisi ya ruzuku. Anayetathmini andiko hasomi hivyo. Anaona ukubwa wa sampuli, kisha anafungua bajeti aone kama fedha zinafika huko. Anasoma mpango wa data, kisha anatafuta ni nani analipwa kuutekeleza. Dhana nyingi potofu tunazozijadili hapa zinatokana na kuvitenga vitu ambavyo ni kimoja.

"Nikipata mafunzo ya wiki moja, nimeiva"

Wiki moja inatosha kufungua mlango. Warsha za Software Carpentry, ambazo zimefundisha watafiti wengi duniani kuandika programu na kushughulikia data, kwa kawaida ni za siku mbili, na lengo lake ni kumwanzisha mtu tu: kila mshiriki anaandika amri kwenye kompyuta yake mwenyewe, anakosea, anarekebisha. Ujuzi unakaa pale anapoutumia kwenye data yake ndani ya wiki chache zinazofuata. Asipofanya hivyo, mwezi wa tatu anaanza upya. Ndiyo maana mpango wa CARTA wa kuwaendeleza watafiti wa Afrika, unaoongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwapitisha wahadhiri wanaosoma shahada ya uzamivu kwenye semina nne zilizotawanywa katika safari yao ya masomo, badala ya kuwamwagia kila kitu mara moja.

Kabla ya kulipia mafunzo yoyote, uliza mambo matatu. Tutatumia data yetu au mfano wa mwalimu? Nitafanya kwenye kompyuta yangu? Mwezi mmoja baadaye kuna mtu wa kumuuliza? Jibu likiwa hapana mara tatu, utarudi na cheti tu. Na kwa waandaaji: wapelekeeni washiriki programu za kusakinisha wiki moja kabla, na mje na nakala kwenye flashi. R, programu ya takwimu, ni ya bure, lakini watu 40 wakiipakua kwa pamoja kwenye mtandao wa chuo, asubuhi yote ya kwanza imekwisha.

"Makosa yanatokana na Excel, nikihamia SPSS au R yatakoma"

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo tafiti nyingi zinapoharibikia.

Ni kweli Excel ina mitego yake. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya England ilikuta wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingizwa kwenye hesabu. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la mtindo wa zamani, .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536; iliyozidi ilikatwa kimya kimya. Mtindo wa .xlsx unafika mistari 1,048,576. Wataalamu wa jenetiki nao walihangaika miaka mingi na jeni iliyoitwa SEPT2, ambayo Excel iliigeuza tarehe 2 Septemba, hadi mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ilipotangaza majina mapya kwa jeni za aina hiyo. Sasa inaitwa SEPTIN2.

Lakini jedwali bovu likiingizwa kwenye R linabaki bovu. Kinachookoa ni mpangilio: mstari mmoja kwa mhojiwa mmoja, safu moja kwa swali moja, seli moja kwa jibu moja. Usiunganishe seli. Usitumie rangi ya njano kumaanisha "huyu alikataa kuhojiwa". Programu haioni rangi, kwa hiyo fungua safu na uiandike habari hiyo. Faili ghafi lisiguswe tena. Kila marekebisho yaandikwe kama amri kwenye faili jingine, ili mwaka ujao mtu aweze kuyarudia.

Tazama misimbo ya majibu yaliyokosekana. Chukua watu 100: 95 wana wastani wa miaka 30, na watano umri wao haukujulikana. Ukiwapa 999, wastani unaruka hadi 78.45, na kila mtu anashtuka. Ukiwapa 99, wastani unakuwa 33.45, namba inayoaminika kabisa, na inapita hadi kwenye makala iliyochapishwa. Kwa hiyo msimbo wa 99 ni wa hatari zaidi kuliko wa 999. Bora kuiacha seli tupu na kuweka sababu kwenye safu ya pili.

Kuna tatizo moja ambalo mafunzo kutoka nje hayaligusi kabisa, nalo ni saa zetu. Dodoso linauliza, "Mtoto alianza kuharisha saa ngapi?" Mama anajibu saa 2. Mdadisi mmoja anaandika 2:00, mwingine anaandika 8:00, wa tatu hakuuliza kama ni ya asubuhi au ya usiku. Hakuna programu itakayoligundua hilo baadaye. Suluhisho ni kuweka maswali mawili: kwanza kipindi (asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri), kisha saa kama ilivyotamkwa. Ubadilishaji ufanywe na amri moja ofisini: saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6, saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18, saa 6 usiku ni 0:00, kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, toa 6. Angalieni saa 12 ya asubuhi: ukiongeza 6 inakuwa 18:00, ilhali ni 6:00. Muda wa mahojiano yenyewe mwachieni simu. KoboToolbox na ODK, programu za kukusanya data kwa simu, huurekodi bila kumuuliza mtu.

Tarehe ziandikwe 2024-04-03, mwaka kwanza, maana 03/04/2024 ni Aprili kwetu na Machi kwa Mmarekani. Namba za utambulisho zinazoanza na sifuri ziingizwe kama maandishi, la sivyo sifuri inaanguka na kuoanisha mafaili mawili kunashindikana.

"Sampuli ni 385, au tumia Yamane"

Namba 385 ina asili yake: 1.96 kipeo cha pili, zidisha 0.5 mara 0.5, gawa kwa 0.05 kipeo cha pili, unapata 384.16. Kanuni ya Yamane, inayokokotoa sampuli kutokana na idadi ya watu wote, kwa watu 10,000 inakupa karibu hiyo hiyo. Zote mbili zinajibu swali moja tu: ni asilimia ngapi ya watu wana jambo fulani, kwa ukingo wa makosa wa pointi 5, ikiwa umewachagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya wote. Maandiko mengi hayaulizi swali hilo.

Ukichagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji, majirani hufanana. Kama athari ya muundo huo, yaani mara ngapi sampuli iongezwe, inakadiriwa kuwa 2, unahitaji 770. Ukitarajia asilimia 10 wakatae au wasipatikane, gawa kwa 0.9: kaya 856. Na kama unalinganisha makundi mawili, hesabu ni nyingine kabisa. Kutambua tofauti ya 50% dhidi ya 40%, kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya 80 kati ya 100 ya kuiona tofauti iliyopo), kunahitaji takriban watu 385 *kwa kila kundi*. Tofauti ikiwa 50% dhidi ya 45%, ni takriban 1,560 kwa kila kundi. Ukienda na 385 kwa jumla, utamaliza mradi ukisema "hakukuwa na tofauti", wakati utafiti wenyewe haukuwa na macho ya kuiona. Mtathmini anayejua takwimu huligundua hili kwenye ukurasa mmoja, na hasomi zaidi.

"Bajeti ni kazi ya mhasibu"

Mhasibu anajua viwango vya posho. Hajui kwamba kaya ni 856. Piga hesabu mwenyewe: mdadisi mmoja akimaliza dodoso 6 kwa siku, kazi ni siku-mdadisi 143 hivi, wadadisi 8 watatumia siku 18. Wengi huishia hapo na kuandika posho za siku 144. Sasa ongeza siku 3 za kuwafundisha, siku 1 ya majaribio, Jumapili 2 katikati, jumla siku 24. Ongeza wasimamizi 2 na madereva 2, timu ni watu 12. Posho ni za siku 288, mara mbili kamili ya ulizoandika. Pengo hilo ndilo linalofanya timu ipunguze vijiji njiani, na sampuli iliyotetewa kwenye andiko haifikiwi tena.

Gharama za taasisi, yaani asilimia inayoongezwa kwa ajili ya uendeshaji wa chuo, nazo zina mtego. Wito ukisema kikomo ni dola 100,000 *pamoja na* asilimia 8 ya taasisi, usitoe 8,000 na kubaki na 92,000. Gawa 100,000 kwa 1.08: kazi yenyewe inapata 92,593 na taasisi 7,407. Asilimia 8 ndiyo NIH, mfadhili wa serikali ya Marekani wa utafiti wa afya, imetumia kwa miaka mingi kwa taasisi za nje ya nchi hiyo. Horizon Europe, mpango wa kufadhili utafiti wa Umoja wa Ulaya, hutoa 25 moja kwa moja. Kama chuo chako kinadai 15 na mfadhili anatoa 8, pata barua ya uongozi inayokubali 8 kabla ya tarehe ya mwisho. Ukishinda kwanza ndipo uombe barua, tofauti itakatwa kwenye kazi ya uwandani.

Weka pia mstari wa mtu wa kutunza na kusafisha data, na miezi yake. Kila andiko linaahidi data safi. Machache yanamlipa wa kuisafisha, kwa hiyo kazi inamwangukia mwanafunzi wa uzamili anayeondoka katikati. Na andika kiwango cha kubadilisha fedha pamoja na tarehe yake, maana posho unalipa kwa shilingi na ruzuku inakuja kwa awamu.

"Usajili na vibali tutashughulikia tukishinda"

Kwa NIH, chuo ambacho hakijasajiliwa hakiwezi hata kutuma. Kinahitaji msimbo wa utambulisho wa NCAGE kwa taasisi za nje, kisha usajili wa SAM, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, unaotoa namba ya utambulisho ya UEI (iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, tarehe 4 Aprili 2022), kisha Grants.gov, tovuti ya kuombea ruzuku, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maombi. NIH yenyewe inashauri kuanza angalau wiki 6 mapema. Kinachokwamisha zaidi huku kwetu ni anwani: mifumo hiyo inataka mahali halisi, mtaa na jengo, siyo sanduku la posta, na jina la chuo lilingane herufi kwa herufi kila mahali. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka. Ukilala, andiko linarudi.

Vibali vina mpangilio wake. Kenya, idhini ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha leseni ya NACOSTI. Tanzania, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa kibali cha utafiti, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa maadili ya tafiti za afya. Ratiba ya mradi inayoanza kukusanya data mwezi wa kwanza inamwambia mtathmini kwamba hujawahi kupita huko.

"Nikifuta majina, data ni salama kuitoa"

Siyo lazima. Jedwali lisilo na jina lakini lenye kata, umri, jinsia na kazi linamtaja waziwazi daktari pekee wa kike katika kata hiyo. Panua umri kuwa makundi ya miaka mitano au kumi, panda kutoka kata hadi wilaya, ondoa viwianishi vya GPS vya nyumba. Hesabu kila mchanganyiko: ukikuta una mtu mmoja au wawili tu, unganisha zaidi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Wengine huegemea sheria hizi kukataa kushiriki data kabisa. NIH, tangu tarehe 25 Januari 2023, inadai mpango wa kutunza na kushiriki data kwenye maombi ya miradi inayozalisha data za kisayansi, lakini inakubali mipaka yenye sababu. Jambo linaamuliwa kwenye fomu ya ridhaa: kama uliandika "taarifa zako zitatumiwa na watafiti hawa peke yao", umefunga mlango, na huwezi kuwarudia watu 856. Sentensi ya matumizi ya baadaye iandikwe kabla ya kamati ya maadili kuipitisha fomu.

"Wamenikataa, basi wazo halifai"

Soma alama. NIH hutoa alama 1 hadi 9 kwa umuhimu wa wazo na kwa mbinu, na namba *ndogo* ndiyo nzuri. Wapo waliofurahia 8. Kama wazo lina 2 na mbinu ina 6, wazo limekubalika na mbinu imeanguka, mara nyingi kwa sampuli na uchambuzi. NIH inaruhusu kuwasilisha tena mara moja ndani ya miezi 37, ukiwa na ukurasa mmoja wa kujibu hoja. Jibu kila hoja kwa kilichobadilika na kinapopatikana: "sampuli sasa ni 856, hesabu iko sehemu ya 3, bajeti ya posho imerekebishwa kuwa siku 288."