Siala: dhana potofu na ukweli kuhusu mti wetu wa maua ya manjano

Ukisafiri kutoka Kisumu kuelekea Maseno na Luanda, magharibi mwa Kenya, mara kwa mara utaona kwenye mipaka ya mashamba mti uliosimama wima, wenye maua ya manjano. Wajaluo huuita siala, Waluhya wengi huuita lusiola, na jina lake la kisayansi ni Markhamia lutea. Ni wa ukoo mmoja na mjakaranda unaopamba barabara za Nakuru, ila mjakaranda uliletwa kutoka Amerika Kusini, ilhali siala ni mti wa asili wa huku kwetu. Hata hivyo, wakulima wengi huupa kisogo na kupanda mkaratusi, kwa sababu ambazo mara nyingi hazina msingi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mti wa asili hukua polepole mno kiasi kwamba anayeupanda hatauvuna. Ukweli ni kwamba siala hukua upesi kwenye udongo mwekundu wenye rutuba na mvua ya kutosha. Mkaratusi huutangulia, hilo halina ubishi, lakini anayepima urefu peke yake hajapima anachokivuna. Nguzo ya siala hustahimili mchwa vizuri, na ndiyo maana tangu zamani imejengewa nyumba na nyua. Mbao zake hutengenezwa samani, mipini ya majembe na sehemu za mashua, na matawi huwa kuni. Isitoshe, mti huu ukikatwa haufi. Kisiki huchipua machipukizi mengi, nawe ukisubiri yapate nguvu, ukaacha moja au mawili yaliyonyooka na kukata mengine yawe fito, utapata nguzo nyingine bila kununua mche. Kwa familia yenye shamba dogo, kama yalivyo mengi ya kaunti ya Vihiga, faida hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo.

Wengine husema kwamba siala hunyonya mahindi. Mzizi wake mkuu huenda chini sana na matawi yake hayatandai mbali, kwa hiyo huishi na mazao bila ugomvi mkubwa. Kinachodhuru mahindi ni kivuli cha mti ulioachwa bila kupogolewa. Pogoa matawi ya chini kabla ya mvua za masika, kisha utandaze majani yake shambani yahifadhi unyevu na kuoza yawe mbolea.

Kuhusu mbegu, wapo wanaozichemsha wakidhani hazitaota bila kufanyiwa hivyo, na kwa kufanya hivyo huziua. Maganda ya siala ni membamba na marefu, mengine hufikia sentimita 75, na ndani yake mna mbegu nyepesi zenye mabawa maangavu ambazo upepo huzipeperusha mara ganda linapopasuka. Chuma maganda yanapogeuka rangi ya kahawia, yaanike yafunguke, kisha usie mbegu zingali mpya na kuzifunika kwa udongo kidogo tu. Asiyetaka kazi ya kitalu anaweza kuhamisha maotea yaliyo chini ya mti mama wakati wa mvua, akiyang'oa pamoja na udongo wake.

Si kila mti wenye maua ya manjano ni siala, na kosa hili huwapotezea watu miaka. Upo msena wa kutoka Amerika ambao hupandwa sana kando ya njia na katika viwanja vya shule, na kwa mbali huchanganywa nao. Tazama ua kwa karibu: la siala lina umbo la tarumbeta na michirizi myekundu kooni, na penye shina la jani mara nyingi kuna vijani viwili vya mviringo mfano wa masikio. Msena hauna tarumbeta hiyo, wala mbegu zake hazina mabawa. Nyuki hupenda maua ya siala, kwa hiyo mwenye mizinga hafanyi vibaya kuitundika jirani nayo.

Hatimaye, si kweli kwamba siala haichagui mahali. Hustawi kati ya mita 900 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, lakini haivumilii maji yaliyotuama. Ukiipanda kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, panapofurika, itadhoofika na kufa. Mwenye shamba la aina hiyo na aipande sehemu iliyoinuka karibu na boma, ambako maji hupita bila kukaa.