Darubini "inayokuza mara 525" haionyeshi zaidi

Wengi huamini kwamba darubini bora ya kutazama nyota ni ile inayokuza zaidi. Imani hiyo inaeleweka: namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kubwa kwenye boksi.

Kinachoamua hasa ni upana wa lenzi ya mbele, maana ndiyo inayokusanya mwanga. Kikomo cha kawaida ni mara mbili ya milimita zake, kwa hiyo lenzi ya mm 60 huishia mara 120 hivi. Ukipita hapo, sayari inageuka doa kubwa, hafifu.

Kagua mwenyewe. Kando ya lenzi huandikwa, mfano, D=60 F=700: D ni upana wa lenzi ya mbele, F ni umbali wake wa fokasi, yaani kutoka kwenye lenzi hadi mwanga unapokutana, vyote kwa milimita. Gawa 700 kwa namba ya lenzi ya jichoni: ya mm 25 inatoa mara 28, ya mm 4 mara 175, tayari imezidi. Ile 525 hutokana na kuongeza kipande kinachozidisha mara 3. Ya mm 25 yatosha kuona miezi minne mikubwa ya Mshtarii.

Ukiwa uani Mikindani au Lindi mjini, usitazame juu ya paa la bati mapema jioni. Joto linalopanda hutetemesha taswira. Lenzi ikishika umande, ipepee, usiifute.