Afya ya akili ya mhudumu huanzia kwenye ratiba ya zamu

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, baadhi ya hoteli na migahawa jijini Dar es Salaam huita mzungumzaji, huchapisha fulana na kupiga picha ya pamoja. Hatupingi. Ila malalamiko ya wahudumu yanayofika mezani kwetu yanahusu ratiba ya zamu na makato ya mshahara, na hayo hayatibiwi kwa fulana.

Chukua ratiba ya aina tunayoiona mara kwa mara. Ijumaa mhudumu yuko zamu ya jioni. Mteja wa mwisho anaondoka saa saba usiku, na hadi kaunta ihesabiwe na meza zifutwe ni saa saba na nusu. Jumamosi jina lake liko kwenye chai ya asubuhi, saa moja kamili. Mgahawa uko Masaki, yeye anakaa Gongo la Mboto, upande mwingine kabisa wa jiji. Basi anajilaza stoo, juu ya mito ya viti vya nje. Baada ya wiki mbili anasahau oda, anajifungia chooni kulia, anamjibu mteja mkato. Supavaiza anamwandikia onyo: "Siku hizi ana kiburi."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Yanaweza kushushwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, pale ambapo siku ya kazi ina pengo la katikati lisilopungua saa 3, au pale mfanyakazi anapoishi kazini. Kulala stoo si kuishi kazini; tumeulizwa hilo, na muulizaji hakuwa akitania. Kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45, na kuwe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na kila moja ilipwe malipo ya saa ya kawaida pamoja na nusu yake. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo.

Kisha makato. Mteja akikimbia na bili, mhudumu anakatwa. Glasi ikivunjika, anakatwa. Mwajiri hana ruhusa ya kukata kwa kukadiria kichwani. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Aandikiwe chanzo, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Makato hayo kwa jumla yasizidi robo ya malipo yake ya fedha, yaani anayelipwa 240,000 asikatwe zaidi ya 60,000. Kugawa hasara ya usiku mzima kwa zamu nzima hakumo kwenye sheria.

Wenye migahawa wanatuambia hawawezi kugeuka madaktari. Hakuna aliyewaomba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza mameneja wafundishwe kutambua dalili, kusikiliza na kupunguza yale ya kazini yanayoumiza. Uchunguzi waachieni hospitali. Mfanyakazi akileta cheti cha daktari aliyesajiliwa, mwajiri asikikatae bila sababu ya msingi, hata kama ugonjwa wenyewe ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na hauna bandeji. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. "Kapumzike bila malipo mpaka ukae sawa" si likizo ya ugonjwa.

Na tafadhali, "huyu ni deiwaka tu", yaani kibarua wa kutwa, si jibu. Aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita anachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi wewe uthibitishe vinginevyo.

Kwa mfanyakazi: aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi; migogoro mingine ina siku 60. Jaza Fomu Na. 1 ya tume, mpe mwajiri nakala, kisha wasilisha fomu pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukichelewa utajaza Fomu Na. 2 na kueleza sababu za kuchelewa. "Sikujua" huwa haitoshi. Aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike naye sheria inamhesabu ameachishwa, ingawa ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Njoo na picha za ratiba iliyobandikwa jikoni, ujumbe wa mshahara ulioingia kwenye simu na barua za onyo. Ratiba hubanduliwa kila Jumatatu, kwa hiyo ipige picha kabla.